Popo, Samaki na Kufuli la Mtoto: Mwongozo wa Kusoma na Kuchagua Mapambo ya Metali ya Kichina

Pambo la metali la Kichina hutengenezwa ili lisomwe. Bangili ya dhahabu, kufuli dogo la fedha la kifuani mwa mtoto, chetezo cha shaba, pete kubwa ya kubishia hodi mlangoni: kila kimoja kina picha, na kila picha ni dua fupi. Ishi sana. Usipungukiwe. Zaa. Panda cheo. Uzito na usafi wa metali huulizwa baada ya hapo.

Katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, mpangilio ni wa kinyume. Hapa, kandokando ya mgodi wa North Mara na mashimo yake ya Nyabirama na Gokona, dhahabu huulizwa gramu na karati, na umbo halina bei. Mtu aliyezoea mizani hivyo anaweza kulipia pambo la Kichina pesa nyingi kupita kiasi au kulidharau lisilostahili dharau. Bangili mbili za gramu sawa zinaweza kutofautiana thamani mara kadhaa kwa sababu ya mkono uliozifua, na picha iliyochongwa juu yake ndiyo inayoamua kama inafaa harusini, kwa mtoto mchanga au kwa mzee wa miaka themanini.

Picha hutamkwa

Kichina kina maneno mengi yanayofanana sauti. Fundi huitumia nafasi hiyo: neno la heri lisilochoreka huwakilishwa na kitu kinachochoreka chenye sauti ileile. Ndiyo sababu popo amejaa katika mapambo haya. Popo huitwa fu, na heri nayo huitwa fu. Kwa mtu wa Unguja au Pemba aliyesikia habari za Popobawa zilizotikisa visiwa mwaka 1995, zawadi yenye popo watano ni kitisho; kwa Mchina ni baraka tano kamili, zilizotajwa tangu zamani katika Kitabu cha Nyaraka: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kwa uzee badala ya ajali. Popo hao watano huzungushwa duara, na katikati huwekwa herufi ya umri mrefu. Popo akichorwa kichwa chini hajakosewa, kwani "kupinduka" na "kufika" pia hufanana sauti, kwa hiyo heri imefika.

Samaki ni yu, ziada. Asionekane kama picha ya mlo, maana kinachoombwa ni kibakie kitu ghalani baada ya mwaka kwisha. Swala mwenye pembe za matawi ni lu, mshahara wa mtumishi wa mfalme. Chupa ya maua ni ping, amani. Ndovu ni xiang, ishara njema, na ndovu aliyebeba chupa mgongoni husomwa kuwa amani imeonekana nchini. Mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ambaye ndovu humjia usiku kwenye mahindi, ana haki ya kutabasamu anapoelezwa hilo.

Ufundi wa kweli wa usomaji ni katika kuunganisha. Popo akishika sarafu ya kale yenye tundu la mraba, picha haisemi "heri na pesa" kama inavyodhaniwa. Tundu la sarafu huitwa jicho, na jina la pesa, qian, hufanana na neno "mbele". Maana yake ni heri iliyo mbele ya macho. Tumbili juu ya farasi ni cheo kinachokuja upesi. Mchoro unaoonekana kuchanganya vitu visivyohusiana huwa ndio wenye sentensi nzima ndani yake, na anayenunua afanye subira ya kuuliza kila kitu kinaitwaje.

Si kila alama hupitia masikioni. Komamanga huomba watoto kwa sababu ya mbegu zake nyingi. Pichi ni umri mrefu, kwa kisa cha matunda ya mbinguni yanayomfanya alaye asife. Joka na feniksi wakiwa pamoja ni bwana na bibi harusi. Ua la peoni ni utajiri na heshima. Kichwa cha fimbo kinachofanana na wingu au uyoga, kiitwacho ruyi, humtakia mtu mambo yaende kama apendavyo, na ndiyo alama salama kuliko zote kwa mnunuzi asiye na uhakika, kwa kuwa inamfaa mtu yeyote.

Hesabu nayo husema. Nane inapendwa kwa kufanana na neno la kustawi. Nne inakwepwa kwa kufanana na kifo. Tisa ilikuwa ya mfalme. Milango mikuu ya kasri la Beijing ina vichwa vya misumari ya shaba vilivyopangwa mistari tisa kwa tisa, jumla 81, isipokuwa lango la mashariki, Donghua, lenye 72. Wanawake wa mji huo walikuwa na desturi ya kwenda kugusa misumari ya malango usiku wa sikukuu za mwaka mpya wakiomba watoto wa kiume. Anayejua milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar, yenye misumari ya shaba ya asili ya Kihindi, ataona kazi inayofanana kwa jicho ilhali maana yake ni nyingine kabisa.

Tahadhari moja ya haraka: paka wa dhahabu anayepunga mkono, aliyejaa madukani, asili yake ni Japani. Chura wa miguu mitatu mwenye sarafu mdomoni ndiye wa Kichina.

Twiga ndani ya kufuli

Alama moja ina mguu wake Afrika Mashariki. Kilin ni mnyama wa hadithi za Kichina, mwenye mwili kama wa swala na ngozi ya magamba, asiyekanyaga hata mdudu, anayejitokeza tu wakati nchi ina mtawala mwema. Mwaka 1414 mfalme wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, na mwaka uliofuata ujumbe wa Malindi ukapeleka mwingine. Wakuu wa kasri wakamtangaza kuwa kilin mwenyewe amekuja. Mwandishi wa hati wa kasri, Shen Du, alimtungia sifa, na nakala za picha yake zimebaki hadi leo zikimwonesha twiga mtulivu akishikwa kamba.

Kilin huyo hupatikana mara nyingi kwenye kufuli la umri mrefu, pambo la fedha ambalo mtoto huvishwa shingoni anapotimiza mwezi mmoja au siku mia. Kufuli halina ufunguo. Humfungia mtoto uhai wake ili usimtoroke. Upande mmoja huwa na maneno manne yanayomtakia umri mrefu, mali na heshima. Upande wa pili, mtoto aliyepanda kilin akishika ua la yungiyungi. Lililo bora kwa mila ni kufuli la nyumba mia: wazazi hupita kwa jamaa na majirani wakipokea kwa kila mmoja sarafu ndogo, kisha fundi hununua kwa mchango huo fedha ya kufua kufuli. Thamani yake haimo kwenye gramu, maana huwa jepesi. Imo katika idadi ya watu waliotoa.

Katika nchi ambayo twiga ni mnyama wa taifa, na hata kampuni ya ubia kati ya Serikali na Barrick inayosimamia mgodi wa North Mara inaitwa Twiga, kufuli lenye kilin ni chaguo lenye mantiki kuliko joka la kawaida. Wauzaji wachache wanalijua hilo.

Metali na mkono

Bronzi ndiyo ya kale zaidi. Enzi ya Shang, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo, mafundi waliyeyusha shaba, bati na risasi na kuzimimina katika kalibu za udongo zilizoungwa vipande vipande. Chungu kikubwa kuliko vyote vilivyosalia, kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939, kina uzito wa takribani kilo 833. Vyombo hivyo vilikuwa vya kuwalisha mizimu ya mababu. Uso wa mnyama mwenye macho makubwa uliochongwa juu yake uliendelea kuishi hadi kwenye pete za milango. Vinavyouzwa leo madukani ni nakala, na hakuna ubaya muuzaji akisema hivyo.

Fedha na dhahabu zilipata heshima kubwa enzi ya Tang (618–907), wakati ufuaji wa kuinua picha kutoka nyuma ya bamba ulipochanganyika na mitindo ya Uajemi na Asia ya Kati. Kwa ustadi wa nyuzi, mfano unaotajwa siku zote ni taji la mfalme Wanli, lililotolewa kaburini mwake nje ya Beijing katika uchimbaji wa miaka ya 1950: kofia nzima iliyosukwa kwa waya wa dhahabu mwembamba kama unywele, na majoka mawili juu yakigombea lulu. Kusini, katika mkoa wa Guizhou, Wamiao hupima mambo kwa njia yao. Msichana huvaa siku ya sikukuu kilo kadhaa za fedha, pembe za kichwani na mikufu mipana, mali yote ya nyumba ikionekana kwa wakati mmoja. Wafugaji wa Mara, wanaoihesabu mali kwa ng'ombe anayeonekana zizini, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Shaba yenye rangi ya kioo huitwa jingtailan, kwa jina la utawala wa Jingtai (1450–1457), ingawa ufundi wenyewe ulifika China mapema zaidi kutoka magharibi. Vijiwaya vya shaba hulehemiwa juu ya chombo kufuata mchoro, vyumba vinavyopatikana hujazwa unga wa kioo chenye rangi, chombo huchomwa tanuruni, hujazwa tena, huchomwa tena, kisha husuguliwa hadi waya na kioo viwe sawa. Kizuri hutambulika kwa kidole: hakikwaruzi popote na hakina vitundu. Shaba nyeupe ya Yunnan, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ilitumika kwa makufuli, viko vya tumbaku na vikapu vya makaa ya kuotea mikono. Hudanganya macho kuwa fedha, na hadi leo inaendelea kufanya kazi hiyo.

Picha za chuma za Wuhu, mkoani Anhui, zinastahili kujulikana zaidi. Katika karne ya 17 mhunzi Tang Peng, aliyeishi jirani na mchoraji, alianza kufua chuma juu ya fuawe kwa kuiga mistari ya wino: misonobari, mianzi, maua ya plamu yanayochanua kwenye baridi. Chuma cheusi hutundikwa mbele ya ukuta mweupe na kivuli chake kinakuwa sehemu ya picha. Ni kazi ya nyundo na moto wa makaa, ambayo mhunzi yeyote wa Tarime anayefua majembe na visu angeielewa hatua kwa hatua. Kwa Wasabato, ambao ni wengi mkoani Mara na ambao kwa desturi hawavai vito, hii pia ndiyo njia ya kuwa na pambo la heri bila kuliweka mwilini.

Kuna ufundi mmoja ambao Matongo inaujua kwa jina lingine. Tangu karne kadhaa kabla ya Kristo, Wachina walipaka bronzi dhahabu kwa zebaki. Dhahabu iliyeyushwa ndani ya zebaki ikawa uji mzito, ukapakwa juu ya chombo, kisha moto ukaifukuza zebaki na kuacha ngozi ya dhahabu iliyoshikamana na metali. Taa maarufu ya kijakazi aliyepiga magoti, iliyopatikana katika kaburi la enzi ya Han huko Mancheng mwaka 1968, ilipakwa hivyo. Mchenjuaji wa Matongo anayekamatisha dhahabu kwa zebaki na kuichoma anafanya kemia ileile, akiwa na nia tofauti: yeye anaitafuta dhahabu, fundi wa Han aliitandaza. Moshi wake haukuwaacha salama mafundi wale, na hauwaachi hawa.

Kuchagua na kupima

Bidhaa za Kichina hufika Tarime kupitia Mwanza, kupitia mpaka wa Sirari au moja kwa moja kutoka Kariakoo. Nyingi ni aloi ya zinki iliyochovywa rangi. Si kosa kuzinunua, mradi bei iwe ya aloi ya zinki.

Dhahabu ya vito ya Kichina ni tofauti na iliyozoeleka kwa masonara wa hapa. Wachina hupenda dhahabu karibu safi. Chapa ya 990 au 999 ndani ya pete ina maana sehemu hizo kwa kila elfu moja. Ni ya rangi nzito ya manjano na ni laini, hupindika kwa vidole. Fedha safi huchapwa 990, na ya kawaida 925. Chapa hata hivyo hupigwa na yeyote mwenye nyundo. Kinachoitwa sokoni "dhahabu ya mchanga" ni shaba iliyochovywa, na "fedha ya Tibet" kwa kawaida ni shaba na nikeli. Majina haya mawili yamewaumiza wanunuzi wengi hata ndani ya China.

Kipimo cha maji kinafaa kwa kitu kisicho na uwazi ndani. Bangili ya gramu 38.6 ikiwa dhahabu safi itasukuma mililita 2 za maji. Ikiwa fedha, takribani 3.7, ikiwa shaba njano, zaidi ya 4.5. Vito vingi vya siku hizi vina uwazi ndani, na hapo kipimo hiki hudanganya kwa kuonesha kitu chepesi kuliko kilivyo. Kuna pia metali ya tungsten, yenye uzito unaokaribiana sana na wa dhahabu. Sumaku huondoa chuma tu. Shaba nayo haivutwi. Jiwe la sonara na asidi ni bora zaidi, yakitumika mahali pasipoonekana, na kwa pambo la bei kubwa hakuna mbadala wa mashine ya kupima usafi.

Umri ni mtego mwingine. Vyetezo vya shaba vyenye mhuri wa utawala wa Xuande (1426–1435) vimenakiliwa kwa karne nyingi, mhuri ukiwemo, kiasi kwamba mhuri huo peke yake hauthibitishi chochote. Doa la kijani kwenye bronzi hutengenezwa kwa siki na chumvi katika muda wa siku chache. Dalili za kuaminika zaidi ni mikwaruzo isiyo na mpangilio, na ulaini wa kingo mahali ambapo mikono ingegusa kweli.

Muuzaji anayedai kwamba chura wa miguu mitatu akiwekwa dukani atavuta dhahabu anauza kitu ambacho mila yenyewe haikiuzi kwa urahisi hivyo. Kwa sehemu kubwa mapambo haya hutolewa na mtu kumpa mwenzake, na nguvu yake ni ya maneno mema yanayosemwa mbele ya watu. Katika eneo la machimbo, ambako neno bahati halikosekani katika mazungumzo ya jioni, tofauti hiyo huokoa pesa.

Kutoa zawadi

Kwa mtoto mchanga, kufuli au vikuku vya fedha vyenye kengele ndogo. Kwa harusi, bangili mbili za joka na feniksi, au herufi ya furaha maradufu. Kusini mwa China bibi harusi huvishwa bangili nyingi na jamaa zake mbele ya wageni, nyingine zikiwa na nguruwe na vitoto vyake kwa kuombea uzazi. Dhahabu hiyo hubaki mali yake. Familia ya Kikurya ambayo mahari yake ni ng'ombe wanaoingia zizini kwa baba inaweza kuongeza pambo kama hili kwa binti bila kugusa utaratibu wa mahari. Nguruwe asitumike pasipojulikana dini ya mpokeaji.

Kwa mzee, pichi, korongo au herufi ya umri mrefu. Asipewe saa ya mezani, hata iwe ya shaba nzuri kiasi gani: kutoa saa hufanana kwa sauti na kumsindikiza mtu kaburini. Visu na mikasi huonekana kukata undugu. Vitu visiwe vinne. Zawadi kwa mfanyakazi mwenza Mchina hufungwa kwa karatasi nyekundu, si nyeupe, na hutolewa kwa mikono miwili; asipoifungua papo hapo, hiyo ni adabu.

Kutunza

Fedha hufutwa kwa kitambaa laini, isiyotumika ifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa. Sehemu nyeusi zilizo ndani ya mchoro ziachwe, kwa kuwa ndizo zinazoutokeza. Limau, majivu na dawa ya meno hula ncha za mchoro. Jingtailan haiachwi ndani ya maji wala haigongwi. Kioo kikibanduka hakirudi. Bronzi ya kale haisuguliwi kabisa. Picha ya chuma ipakwe nta nyembamba kabla ya masika na isitundikwe juu ya jiko.

Dhahabu isikaribie zebaki hata kidogo. Tone dogo lililobaki kwenye kiganja cha mchenjuaji linatosha kuifanya pete iwe nyeupe na kuidhoofisha, na sonara akijaribu kuirudisha kwa moto anavuta sumu. Anayefanya kazi ya karasha (kusaga mawe) au ya kukamatisha aache vito nyumbani.

Vilivyo vya kale kweli

Sarafu za China zimewahi kupatikana katika udongo wa Afrika Mashariki. Kajengwa, Makunduchi, Zanzibar, lilifukuliwa mwaka 1945 fungu la zaidi ya sarafu 170, nyingi za enzi ya Song. Mambrui, kaskazini ya Malindi, mwaka 2010, na kisiwani Manda, katika habari zilizotangazwa mwaka 2013, zilipatikana sarafu za Yongle, mfalme yuleyule aliyepokea twiga. Zilikuwa pesa, hazikuwa hirizi, ingawa China ilisubu pia sarafu za heri zisizonunua kitu, zenye picha na maneno ya dua, na hizo ndizo zinazonakiliwa kwa wingi leo zikifungwa tatu tatu kwa uzi mwekundu.

Anayefukua kitu cha namna hiyo Tanzania Bara analindwa na kubanwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: hakiuzwi, hutolewa taarifa. Kwa upande wa China, vitu vya urithi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1911 haviruhusiwi kutoka nchini humo, kwa hiyo muuzaji anayedai ameleta chetezo cha enzi ya Ming kutoka Guangzhou mwezi uliopita ama anauza nakala ama anauza kilichotoroshwa. Pambo lenye kipande cha pembe ya ndovu au ya kifaru lisiguswe. China yenyewe ilifunga biashara ya ndani ya pembe za ndovu mwishoni mwa 2017, na upande huu wa Serengeti adhabu yake inajulikana.